Ikwinoksi, Pasaka na Umoja Wetu

Kila Kwaresima waamini hutuuliza: "Frateri, mbona Krismasi haihami lakini Pasaka inahama?" Wengi wetu hujibu kuwa Pasaka hufuata mwezi. Jibu hilo ni nusu tu. Pasaka ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea siku ya ikwinoksi ya Machi au baada yake.

Ikwinoksi ni nini? Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi. Katika mzunguko wa mwaka, mara mbili, Machi na Septemba, jua huwa wima juu ya Ikweta, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Sisi wa Afrika Mashariki hatuitambui kwa urahisi, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima.

Ili kurahisisha hesabu, Kanisa lilishika Machi 21 kuwa siku ya ikwinoksi. Lakini mwaka wa kalenda ya Juliasi ulizidi ule wa jua kwa dakika 11 hivi, na kufikia karne ya 16 ikwinoksi ilikuwa imerudi hadi Machi 11. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII, akisaidiwa na wataalamu akiwemo Mjesuiti Christopher Clavius, aliondoa siku 10: Oktoba 4 ikafuatwa na Oktoba 15. Waorthodoksi karibu wote bado wanaihesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani. Ndiyo maana mwaka 2024 sisi tulisherehekea Machi 31, wao Mei 5. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Mtaguso wa Nisea, tarehe zilikutana Aprili 20.

Tusidhani kwamba hesabu yetu haina kasoro. Mwaka 2019 ikwinoksi ilitokea Machi 20, na mwezi ukapevuka saa chache baadaye. Kwa anga, Pasaka ingekuwa Machi 24. Kwa majedwali yetu ilikuwa Aprili 21.

Mwaka 1997, huko Aleppo, Syria, wajumbe wa Makanisa mbalimbali walipendekeza wote wafuate ikwinoksi na mwezi mpevu halisi, vikipimwa kutoka Yerusalemu. Tunaona pendekezo hilo ni la haki, kwa sababu halimtaki yeyote ajiunge na kalenda ya mwenzake. Wote tungesogea kidogo.

Wapo wanaohofu kuwa tutaiacha Mapokeo. Lakini kanuni ya kale ingebaki ileile. Kinachobadilika ni majedwali, nayo yaliwahi kusahihishwa. Kristo ni mmoja na kaburi lililo wazi ni moja. Kumtangaza mfufuka kwa tarehe mbili ni ushuhuda dhaifu mbele ya majirani zetu. Tuliombee jambo hili, na tuwafundishe waamini wetu sababu zake.