Ufunguo wa Kuazima

Tangu Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware, ambayo programu zake huigawa seva moja ikawa kompyuta pepe nyingi, mafundi wa seva hawajatulia. Kwani hata mwezi haujatimia, mwenye mali mpya alikwisha kutangaza kuwa leseni ya kudumu haiuzwi tena, na aitakaye programu ataipanga kwa muda. Milki ikageuzwa ijara. Februari 2024 ESXi ya bure, programu ya VMware ya kuigawa seva, nayo ikaondolewa, ijapokuwa Aprili 2025 ilirejeshwa, kimyakimya kama aliyetahayari.

Ndipo watu walipozidi kuazimana funguo za leseni. Namba ya leseni, ambayo ni herufi na tarakimu 25 tu, hupita mkono kwa mkono kwa wepesi, na ESXi ya toleo la 8 huikubali pasipo kumwuliza mtu, maana hutazama namba ilivyoundwa, haitazami imetoka kwa nani. Wako wasemao kuwa hapa hapana dhuluma, maadamu tajiri ndiye aliyeanza kugeuza masharti. Hoja hiyo siibezi: AT&T, kampuni ya simu ambayo si mnyonge, iliishtaki Broadcom mwaka 2024 ikidai kunyimwa msaada iliokwisha kuahidiwa, na kadhia ikaishia kwa suluhu. Lakini AT&T ilikwenda mahakamani na mkataba mkononi; mwenye namba ya kuazima ataonyesha nini?

Na sheria, kwa rai yangu, ndiyo hatari iliyo ndogo. Namba huwasha programu, haileti viraka vya usalama. Na tangu 2025 kuvipakua kwataka tokeni iliyofungamana na akaunti ya mteja, hivyo aliyeazima atavitafuta vichochoroni, kwa watu asiowajua, wala hatambui ndani ya faili la kiraka mmetiwa nini. Februari 2023 wadukuzi waliotumia programu hasidi ya ESXiArgs walizifunga seva maelfu, nyingi zikiwa Ufaransa, wakadai fidia. Na wataalamu wa usalama wa huko walieleza kuwa tundu lililoshukiwa kupitiwa lilikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Msiba wa seva ya jinsi hii si msiba wa kompyuta moja: hesabu, barua na kumbukumbu za ofisi, zilizokaa juu ya chuma kimoja, huzama pamoja.

Mimi ningehamia Proxmox ya Vienna, programu ya kazi hiyohiyo iliyojengwa juu ya KVM, nyenzo ya kompyuta pepe ambayo imo katika kiini cha Linux tangu 2007; msimbo wa Proxmox ni huria, na kinacholipiwa ni huduma. Kuhama kuna taabu, sikatai, hasa kwa aliyejenga taratibu zake zote juu ya vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva. Lakini toleo la 9 la ESXi, lililotoka Juni 2025, limeziacha namba zile na kuweka faili la leseni ambalo sharti lihuishwe kila siku 180. Waazimaji wamebakiwa na la 8, ambalo msaada wake wa kawaida utakoma Oktoba 2027.