Safu ya Maneno: Mdogo Wake Muundi

Safu hii huchagua neno moja kila toleo na kulizungusha mpaka lichoke. Mara hii neno lenyewe ndilo lililotushinda, kwa hiyo tunawaomba walimu wetu wasome wakiwa na kalamu mkononi.

Mambo yalianzia Fort Worth. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao wanazungumza Kiswahili cha Kivu, alimsindikiza mjomba wake hospitali. Mzee alikuwa na kidonda mdomoni ambacho wote walidhani ni jino. Kikathibitika kuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kuingia katika taya la chini. Daktari akaeleza mpango: wataondoa sehemu ya taya, kisha watachukua mfupa kutoka mguuni, pamoja na nyama na ngozi yake, wajenge taya upya. Mwenzetu ana miaka 20, anasoma uhasibu, na Kiswahili chake ni cha jikoni na kanisani kama cha wengi wetu. Akatafsiri: "Mjomba, watakata mguu watengeneze mdomo."

Mzee akanyamaza, kisha akauliza: "Mama, banataka kunikata mguu juu ya jino?" (Kwao "juu ya" ni "kwa sababu ya", na mpwa wa kike huitwa mama.) Akavaa kofia yake, wakarudi nyumbani. Wiki mbili nzima hakutaka kusikia habari za hospitali, na saratani ya mdomo haikai ikakungoja wiki mbili.

Alhamisi ile alitusimulia akilia, nasi tukaanza kutafuta maneno. Wa kwanza alisema "kiraka". Tulikipenda kwa dakika tano. Lakini kiraka cha suruali ni kitambaa tu, hakili wala hakinywi. Nyama hii inataka damu tangu saa ile ile. Wa pili akasema "kupandikiza ngozi", ambalo ni neno la hospitali kweli, ila ni jambo jingine. Ngozi nyembamba inayopandikizwa, kama wanavyofanyiwa walioungua, hulazwa juu ya kidonda ikajinywea kutoka chini mpaka mishipa midogo iote. Mdomoni kuna shimo refu, mate yanapita mchana na usiku, na mara nyingi mionzi inatakiwa ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Ngozi tupu haiwezi kuziba pengo kama hilo.

Njia moja ya zamani ni kutumia nyama ya kifuani. Stephan Ariyan, mpasuaji wa hapa Marekani, aliieleza mwaka 1979. Msuli wa kifua huinuliwa pamoja na ngozi yake, ukapitishwa chini ya ngozi hadi shingoni au mdomoni, na mshipa wake haukatwi. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: hula mpaka kamba inapoishia. Njia hii bado inaokoa watu wengi, hasa pale pasipokuwa na hadubini ya upasuaji na wauguzi wa kukesha na mgonjwa.

Njia aliyoelezwa mjomba ni ya kumfungua mbuzi kamba na kumfunga kwenye mti mwingine. Kipande hukatwa kabisa pamoja na mshipa unaokiletea damu na mshipa unaoirudisha, kisha mishipa hiyo huungwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini. Upana wake ni milimita 2 au 3 hivi, na uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele. Mara nyingi timu mbili hufanya kazi kwa pamoja, moja ikitoa saratani na nyingine ikiwa mguuni, na kazi yote inaweza kuchukua saa 8, 10, hata zaidi. Kwa ulimi huchukuliwa zaidi ngozi ya mkononi, ambayo ni laini na nyembamba. Wapasuaji wa China waliitangaza njia hiyo mwaka 1981. Kwa paja, nyama ni nyingi. (Vinyweleo vya paja huendelea kuota humo mdomoni mpaka mionzi ivipunguze. Hili tulilisoma mara mbili kuhakikisha.) Kwa taya, David Hidalgo wa New York alieleza mwaka 1989 jinsi ya kutumia ule mfupa mwembamba wa mguu, ukikatwa vipande na kupindwa ufuate umbo la kidevu.

Hapo tukagundua kosa letu. Mguu kwa Kiswahili huanzia juu kabisa mpaka vidole, na mkono vivyo hivyo. Ukisema "mfupa wa mguu" bila zaidi, mzee wa watu anaona msumeno. Kamusi inayo "kigasha", sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na "muundi", yaani mfupa wa mbele chini ya goti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia nyumbani.

Tukagundua pia jambo la pili, lililotuuma zaidi. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani aliyehitimu, bila malipo. Liko katika sheria ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557. Mwenzetu hakupaswa kuibeba kazi ile kabisa. Hakujua, na chumbani hakuna aliyemwambia.

Mzee alikubali kwenda Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, kusikiliza maoni ya pili. Safari hii familia iliomba mkalimani. Akatokea mama mmoja kwenye skrini, na hakutumia "muundi" wala neno lolote tulilolihangaikia. Alimwambia: "Baba, gusa hapa mbele chini ya goti. Huo ni mfupa mkubwa, ndio unaokubeba. Pembeni yake, upande wa nje, yupo mdogo wake. Huyo mdogo ndiye atakayehama. Mkubwa anabaki, utatembea." Mzee akaugusa mguu wake kwa muda mrefu. Kisha akauliza siku gani.

Aliuliza pia: na ikishindikana? Akajibiwa kwamba katika hospitali kubwa zaidi ya vipande 9 kati ya 10 huishi, na kwamba kuna vinavyokufa. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, aliondolewa sehemu ya taya mwaka 2006. Majaribio ya kumjengea upya hayakufaulu, hata lile la hapa Houston Januari 2008. Hakuongea tena kwa mdomo wake mpaka alipofariki mwaka 2013, ingawa aliandika kuliko wengi wenye sauti. Hatukumweleza mzee habari hiyo. Tunaiandika hapa kwa sababu baadhi yetu tulitaka kuificha.

Baada ya upasuaji kazi kubwa ni kukesha. Muuguzi huja kila saa: anatazama rangi, anapima joto, anasikiliza mshipa kwa kifaa kidogo kinachovuma kama upepo katika bomba. Kipande kikipauka, damu haiingii. Kikiwa cha zambarau, damu haitoki. Vyovyote vile mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji haraka, maana saa chache zinatosha kukiua.

Na siku hizo za kwanza mgonjwa hawezi kusema, kwa kuwa anapumulia tundu la shingoni. Kwa hiyo tulitengeneza kadi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: nina maumivu, nina kiu, nigeuzeni, mwiteni mkalimani. Wenzetu wa Houston walizipeleka. Usiku wa pili mzee alionyesha "nina kiu" mara sita, wakamlowesha midomo mara sita, naye akazidi kukasirika. Makohozi yalikuwa yamemjaa kooni na alitaka yavutwe kwa mpira. Hatukuwa na kadi hiyo.

Sasa ipo. Pakiti nzima iko ofisini, katika droo ya chini, na tunatafuta watu wawili wa kuandika upande wa tatu kwa Kiswahili cha Kivu. Walimu, lile neno la kipande kinachohama na mshipa wake bado tunalingoja.