Tovuti hunilipia kodi ya nyumba, lakini bao ndilo lililonifunza kazi

Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, na safari hii limeniletea ugomvi wa kifamilia.

Wiki jana mtoto wa kakangu, aliyemaliza kidato cha nne, alikuja kwangu hapa Mtopanga. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza: "Ami, nisomee kutengeneza tovuti au nisomee kutengeneza gemu? Baba asema gemu ni upuuzi."

Nikamjibu: soma vyote viwili, na uanze na gemu. Jioni kakangu akanipigia simu. Hakuwa na furaha. Yeye ndiye atakayelipa karo na kununua laptopu, kwa hiyo ana haki ya kuuliza mkate uko wapi. Basi kaka, jibu langu refu ndilo hili.

Kwanza nikubali ukweli wako. Tovuti ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba. Ukitoka hapa kwenda Bamburi au Shanzu, kuna hoteli, maduka na shule, na kila mmoja anataka tovuti, anataka wateja walipe kwa M-Pesa, anataka picha zionekane vizuri kwenye simu. Kwa upande wa gemu, hakuna mtu aliyewahi kunilipa hata shilingi moja.

Hata historia inakuunga mkono. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya 3D, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba kitu kama hicho kinaweza kutoka Kenya. Kisha, Januari 2008, katikati ya machafuko ya baada ya uchaguzi, ikazaliwa Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia kwenye ramani. Ushahidi ilienea duniani, na waliokuja nyuma wakaiga. Kirinya naye hakuacha, alikuja kuanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Lakini uliza watu kumi mtaani: wangapi wamesikia jina la Nyangi?

Kwa hiyo sibishani nawe juu ya pesa. Nabishana nawe juu ya neno "upuuzi".

Miaka kadhaa iliyopita niliamua kuandika bao la Kiswahili lichezwe kwenye kivinjari cha simu. Nilidhani ni kazi ya wikendi mbili. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hesabu za mtoto wa shule, au sivyo?

Shida ya kwanza ilikuja siku ya kwanza. Katika bao kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mara nyingi unazichota na kuendelea, na mkono mmoja unaweza kuzunguka ubao mara kadhaa. Niliandika kitanzi cha kawaida: chota, tawanya, angalia, rudia. Nilipobonyeza, skrini iliganda kidogo, kisha ubao ukaonekana umebadilika wote kwa mpigo. Hakuna aliyeelewa kilichotokea. Sababu ni kwamba kivinjari hutumia njia moja kuendesha JavaScript ya ukurasa na kuchora skrini. Ukiishikilia njia hiyo, hakuna kinachochorwa na hakuna kitufe kinachoitika. Skrini nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde, yaani una kama milisekunde 16 tu kila mara. Ilibidi nivunje kazi vipande vipande: sogeza kete moja, achilia, chora, endelea.

Nilikuwa nimeshatengeneza tovuti kwa miaka, na nilikuwa sijawahi kulielewa jambo hili sawasawa. Tovuti ikisita, mteja hulaumu mtandao. Gemu ikisita, mchezaji anakulaumu wewe.

Shida ya pili ndiyo iliyonivunja kiburi. Nilipeleka simu kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, mchezaji wa bao wa tangu zamani. Alicheza kimya kama dakika kumi, kisha akanirudishia simu.

"Mwanangu, nyumba hini ishavunjwa. Yalala vipi?"

"Mzee, si ina kete saba?"

"Hata ikiwa na ishirini. Ishavunjwa ni ishavunjwa."

Kwa wasiolijua bao: kila mchezaji ana shimo maalumu liitwalo nyumba. Katika hatua ya kunamua, ukila na kete yako ya mwisho ikaishia kwenye nyumba yako iliyo hai, una ruhusa ya kulala hapo au kuisafiri. Lakini nyumba ikishatawanywa mara moja, heshima yake imekwisha. Ikijaa tena baadaye, ni shimo kama mashimo mengine. Msimbo wangu ulikuwa unahesabu tu: shimo hili lina kete 6 au zaidi? Basi ni nyumba. Uliangalia idadi, haukukumbuka yaliyopita.

Usiku ule ule nilipokuwa nikirekebisha, nikakumbuka jambo likanitoa jasho. Nilifungua msimbo wa hoteli moja niliyoitengenezea mfumo wa kuwekea vyumba. Kosa lilikuwa lile lile! Msimbo uliuliza: mgeni huyu ana rekodi ya kulipa arbuni? Kama anayo, chumba ni chake. Haukuuliza kama alifuta safari akarudishiwa pesa zake. Mgeni wa namna hiyo angeweza kuweka chumba upya bila kulipa chochote. Kwa bahati hakuna aliyegundua kabla yangu. Nilirekebisha kabla ya alfajiri, na asubuhi nikamweleza mwenye hoteli.

Kaka, mzee yule hajui JavaScript ni nini. Lakini alinisaidia kukamata kosa ambalo lingemgharimu mteja wangu pesa halisi. Ndiyo maana nasema gemu ni shule. Wateja wa tovuti wengi hawajui sheria za mfumo wao wenyewe, huwa wanazigundua siku mambo yakiharibika. Wachezaji wa bao wanazijua sheria zote, na hawana huruma.

Na tovuti nazo zinaisaidia gemu. Zamani gemu za kwenye kivinjari zilitegemea Flash, nayo ilikoma kuungwa mkono mwishoni mwa 2020. Leo kivinjari chenyewe kinatosha. Hakuna kupakua wala kuweka programu. Unamtumia mtu anwani kwa WhatsApp, anagusa, anacheza. Na kwa kuwa bando hununuliwa kwa pesa, unajifunza kubana. Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa na kilobaiti 40 hivi. Nimeona tovuti ambazo picha yao ya kwanza tu ni nzito mara hamsini ya hapo, na mwenye tovuti anashangaa kwa nini wageni wanaondoka.

Liko jambo la mwisho, na ndilo linalonikera zaidi. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika ufuoni Mombasa mwaka 2009. Zimepita mlangoni petu. Lakini vijana wanaocheza gemu kwenye simu hapa Mtopanga, karibu kila wanachokicheza kimeingia kutoka nje. Bao limechezwa pwani hii vizazi na vizazi, na sheria zake ziko vichwani mwa wazee. Mzee wangu yule akiondoka, nani atanisahihisha? Mtu wa mbali akiandika bao lenye kosa kama langu, watoto wetu watalijua hilo tu, na watabisha kwamba ndilo sahihi.

Tumekubaliana hivi na kakangu, baada ya simu ya pili: kijana atakuja kwangu miezi sita. Asubuhi tunafanya kazi za tovuti, na atalipwa kidogo kwa zile atakazomaliza. Jioni anaandika gemu, na kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri anaipeleka kwa mzee. Laptopu itanunuliwa mzee akisema gemu haina kosa.

Kakangu anadhani hilo ni sharti jepesi. Hajawahi kucheza na mzee yule.