Jina Nyuma ya Picha

Hebu teremsha ile picha ya harusi ukutani. Aliyeipiga unamjua jina? Mimi yangu simjui!

Mohinder Dhillon naye alianza hivyo hivyo, bila kujulikana. Alizaliwa Punjab mwaka wa 1931, akaja Kenya 1947. Chuo cha picha hakukiona. Kazi aliijulia Halle Studio, Nairobi, akisafisha picha katika chumba cha giza. Baadaye, na kampuni yake Africapix, alifika vitani Aden 1967, na kwenye njaa ya Ethiopia 1984. Aliaga dunia 2020.

Nimegeuza picha yangu ya utotoni, niliyopigwa Westlands. Nyuma kuna mhuri wa studio, basi. Wewe wa Kangemi, yako imeandikwaje?