Utandawazi na Mizani Mbili



Ndugu zangu wanafunzi, na wazazi wetu wapenzi, kila inapokaribia Idi wengi wetu huelekea sokoni kutafuta nguo za watoto. Wenye uwezo huingia dukani. Walio wengi huenda kwenye mitumba: Karume kule Dar es Salaam, Kongowea Mombasa, au Gikomba Nairobi. Kuvaa mtumba si aibu, na anayeuuza anatafuta riziki ya halali. Lakini je, tumewahi kujiuliza kwa nini nchi zinazolima pamba zinavaa nguo zilizovuliwa na wengine?

Zamani tulikuwa na viwanda. Urafiki cha Dar es Salaam, Mutex cha Musoma, Mwatex cha Mwanza na Rivatex cha Eldoret vilifuma nguo hapa hapa kwetu. Miaka ya 1980 na 1990, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilitutaka tufungue milango ya biashara, zikisema soko huria ndiyo dawa ya umaskini. Milango ikafunguliwa, na mitumba ikamiminika kwa bei ambayo viwanda vyetu havikuweza kushindana nayo. Tuwe wakweli: uongozi mbovu na ufisadi navyo vilichangia kuviua viwanda hivyo. Hata hivyo, je, wanaotuhubiria soko huria wanalifuata wao wenyewe?

Tazama pamba. Marekani kwa miaka mingi imewalipa wakulima wake wa pamba ruzuku ya mabilioni ya dola. Ruzuku hiyo hushusha bei duniani, na anayeumia ni mkulima wa Mali au wa Shinyanga. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka kilio hicho kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani huko Cancún, Mexico. Mkutano ukavunjika bila ya muafaka. Brazil ilifungua kesi, ikashinda, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 300 ili yaishe. Mkulima wa Mali hakuwamo katika malipo hayo.

Tazama na mitumba yenyewe. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuiondoa kidogo kidogo ili viwanda vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kutuondoa katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo. Yaani tajiri akimlinda mkulima wake ni haki yake, maskini akimlinda fundi wake ni kosa!

Uislamu haupingi biashara. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara. Kinachokatazwa ni dhulma. Surat al-Mutaffifin, ambayo wengi wetu tumeihifadhi katika Juzuu Amma, inaanza kwa kuwaonya vikali wanaotaka kupimiwa kamili, na wao wakiwapimia watu huwapunja. Tusiisome kana kwamba inamhusu muuza sukari wa mtaani peke yake. Mataifa nayo yana mizani.

Basi tufanyeje? Kulalamika hakutoshi. Kwanza, wanafunzi tusome hesabu, uchumi na sheria kwa bidii ile ile tunayohifadhia Qur'an, kwani asiyeuelewa mkataba hutia saini hasara ya wajukuu wake. Pili, viongozi wetu wasimame pamoja. Waliazimia wote, mwisho akabaki mmoja. Umoja wa namna hiyo hautishi mtu. Tatu, tuanze na mizani zetu wenyewe. Atakayekabidhiwa kiwanda kesho asikifilisi. Nani atatusikiliza tukidai haki duniani, ilhali sisi kwa sisi tunapunjana dukani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika kutoa na katika kupokea. Amin.