*KABLA HATUJAPIGA MAKOFI: BARABARA YA DOCHI–NGULWI–MOMBO*



Jumamosi tunakaa kikao cha tawi na ajenda ya kwanza ni barabara. Naandika mapema tusije tukaishia kupiga makofi.

Lushoto mjini tunashuka Mombo kwa njia moja ya kutegemewa, ile ya Soni. Jiwe likianguka kwenye kona kule, kila kitu kinasimama: Fuso la kabichi, basi la Dar, na gari linalomkimbiza mama mjamzito Bombo. Masika moja nilikwama pale saa tano nzima nikitazama matenga ya nyanya yakichuruzika maji. Mwenye mzigo alikuwa ameshalipa nauli. Nimesomea uhasibu, lakini hasara ile sijaiona kwenye kitabu chochote cha hesabu. Inaishia kwa mkulima.

Kwa hiyo Dochi–Ngulwi–Mombo, kilomita 16 hivi, ipandishwe hadhi itoke TARURA iende TANROADS, iwe barabara ya mkoa. Naunga mkono bila kusita. Wanaotaka tuanze na lami ya mitaa ya mjini nawaheshimu, ila vumbi la mtaani linasubiri. Mgonjwa hasubiri.

Sasa jambo lisilosemwa jukwaani. Hifadhi ya barabara ya mkoa kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Huku milimani mita 30 ni nyumba, migomba, matuta ya viazi, na kwa wengine makaburi ya babu zao. Tumezoea kuambiwa kwamba aliyefuatwa na barabara analipwa, aliyeifuata halipwi. Sawa. Siku ya tathmini utathibitishaje nani alimfuata mwenzake?

Ndiyo maana nawaomba mlio kandokando ya njia hiyo mje Jumamosi na karatasi mlizonazo: hati ya mauziano, barua ya serikali ya kijiji, hata risiti ya bati ya zamani. Asiye na karatasi aje na mzee anayelijua shamba. Nitaandika kila mmoja kwenye daftari la tawi: nini kipo, tangu lini. Picha za nyaraka nitumieni mimi binafsi, msizirushe kwenye magrupu.

Na tafadhali, asianze mtu kumwaga msingi pembeni ya barabara wiki hii akitegea fidia. Tunajuana.

Jumamosi, saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi.

*Katibu wa Tawi*