Pangeni Vitabu, Msipange Watu!

Ndugu Mhariri, na vijana wenzangu wa kalamu,

Nasikia ile safu nyembamba ya pembeni katika jarida letu inataka kusafishwa. Vema! Imechafuka. Jina moja limeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, matangazo ya mikutano iliyokwisha pita bado yapo, na orodha ya "Vitabu vya Kusoma" imejazana kama daladala ya jioni, kila mmoja kaning'inia alipopata. Ufagio na upite. Lakini mpango ulioletwa mezani siuafiki hata kidogo.

Eti vitabu vigawanywe mafungu matatu: Riwaya Dhati, Riwaya Pendwa na Chipukizi. Na wale waliotoa hadithi moja humu kisha wakanyamaza, majina yao yafutwe, kwani "yanakula nafasi".

Haya, hebu tujaribu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, mtaiweka wapi? Ni hadithi ya upelelezi, Bwana Msa na kiko chake. Basi ni pendwa? Mbona wahakiki wameichambua miaka nenda miaka rudi? Na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971? Ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, ikaonekana itaharibu vijana. Baadaye wanafunzi wakaja kuisoma. Rosa ni yuleyule. Waliobadilika ni wale wenye kugawa mafungu.

Mimi elimu yangu imeishia kidato cha nne. Riwaya nilizozimaliza bila kuamriwa na mwalimu zilikuwa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), na Willy Gamba wake. Hizo ndizo zilizonifundisha kwamba sura ikiisha, msomaji lazima atake kufunua nyingine. Kezilahabi nilimfikia nikitokea huko. Leo mnaniambia walionivusha wakae fungu la chini?

Wala msidhani kupanga vitabu ni kazi isiyo na upande. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa mfumo wa namba ambao maktaba nyingi duniani zinautumia mpaka leo. Fasihi ilipewa 800. Ya Marekani ikapata 810, ya Kiingereza 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, hivyo hivyo hadi Kigiriki 880. Fasihi za lugha nyingine zote za dunia zikasongamana katika 890. Kiswahili chetu utakikuta 896.392. Wenzetu nyumba nzima, sisi chumba cha uani! Hakuna aliyetutukana, tumepangwa tu. Na sisi sasa tujengeane vyumba vya uani wenyewe kwa wenyewe?

Halafu hili neno "chipukizi". Mtu ataitwa chipukizi mpaka lini? Mpaka apate mvi? Nasema kwa sababu najua fungu nitakalotupwa mimi na riwaya yangu isiyokwisha. Na hao walionyamaza, nani kawauliza kwa nini? Labda kazi, labda mtoto, labda hata pesa ya daftari. Kwa wengine, jina lile pembeni ndilo ushahidi pekee kwamba waliwahi kuandika. Mkilifuta, mmeokoa mstari mmoja na kumpoteza mtu.

Sipingi tu, nina mpango wangu. Kwanza, vitabu vyote vifuate alfabeti, fungu moja, mkubwa na mdogo. Pili, majina yaandikwe kamili. Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu (1972) siye Said Ahmed Mohamed wa Utengano (1980), na wote wawili sio Muhammed Said Abdulla. Ukiandika "M.S." na "S.A." mgeni atajuaje? Tatu, kila kitabu kiwe na mwaka kilipotoka na mahali pa kukiazima, maana orodha ya vitabu visivyopatikana ni majivuno tu. Nne, kila aliyewahi kuandika humu abaki, na jina lake lifuatwe na namba ya toleo, ili msomaji aende akaisome hadithi yenyewe na kuamua kama ni dhati au ni porojo. Uamuzi huo ni wake, sio wa pembeni. Tano, tangazo likipitwa na siku ling'olewe toleo linalofuata, bila kikao.

Usafi ni kumrahisishia msomaji kupata anachotafuta. Kupanga watu kwa vyeo ni jambo jingine kabisa, hata likifanywa kwa ufagio.

Na kama nafasi bado haitoshi, punguzeni ile picha kubwa ya kamati ya uhariri iliyo juu ya safu. Nyuso zenu tumekwisha zijua.